Huyu Ni wa Kabatini

"Hana jina. Ni mzungu tu."

Ndivyo alivyonijibu binti mmoja wa darasa la tatu nilipomwuliza jina la mdoli wake, pale Kahama, Jumamosi iliyopita, na tangu hapo sijatulia. Nilikuwa kwenye mitumba, upande ule wanakomwaga vikorokoro vya watoto: magari yasiyo na magurudumu, dubu wa manyoya waliofuliwa mpaka wakachakaa, vipande vya michezo ambavyo hakuna ajuaye vilikuwa vya nini. Muuzaji alikuwa amefungua belo jipya asubuhi, anaita, "Jero, jero, chagua mwenyewe!" Mdoli huyu hakumwacha kwenye jero. Alimwona ni mkubwa, macho yanafumba na kufumbua, gauni limeshonwa kwa adabu, akamtenga pembeni kwa elfu saba. Mama wa binti akabishana mpaka tano.

Binti akafanya kile ambacho mtoto yeyote angefanya. Alivuta mtandio wa mama yake, akambeba mdoli mgongoni, akaanza kumbembeleza. Hakufika mbali. Mama alimfungua palepale, akampangusa mdoli vumbi, akamtia kwenye mfuko wa plastiki. "Usimchafue, mama. Huyu ni wa kabatini."

Kabati mnalijua. Liko sebuleni, lina vioo, na ndani yake mna vikombe ambavyo hajanywea mtu, chupa ya chai ya maua, picha ya mahafali. Sasa limepata mkazi mpya.

Niliomba nimshike kidogo. Nywele za manjano, misuko miwili iliyokunjwa kama vitanzi juu ya masikio, gauni la bluu. Nikainua nywele za kisogoni, na chini yake palikuwa na maandishi madogo: Pleasant Company. Hapo nikamtambua, maana nina binamu aliyelea mabinti zake Minnesota, Marekani, na nyumba yake ilijaa hawa. Mdoli yule anaitwa Kirsten. Ana baba na mama, ana mwaka wake, 1854, na ana safari: alitoka Sweden na wazazi wake kwenda kulima Minnesota, na njiani rafiki yake Marta akafa kwa kipindupindu. Hata yeye ana kidoli chake, cha vitambaa, kinaitwa Sari. Yote haya yameandikwa katika vitabu vya watoto vilivyotungwa na Janet Shaw. Lakini vitabu havikupanda belo. Amefika Kahama na gauni tupu.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1986 huko Wisconsin na Pleasant Rowland, mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu na mtunzi wa vitabu vya shule. Alianza na mabinti watatu: Kirsten, Samantha wa mwaka 1904 na Molly wa 1944. Kila mmoja alikuja na vitabu vyake, na kila nguo, kikapu au kiatu kilitoka ndani ya hadithi. Mwaka 1998 Mattel, wenye Barbie, waliinunua kwa dola milioni 700. Leo wako wanawake watu wazima wanaokusanya midoli ile ya zamani, na watatafuta kiatu kimoja kilichopotea kwa uvumilivu wa mtu anayetafuta ng'ombe aliyeibwa.

Najua utaniambia: basi nao wanaweka kabatini, una ugomvi gani na mama wa Kahama? Ugomvi wangu si kabati. Mkusanyaji wa kule ukimwuliza kwa nini aproni ile na si nyingine, atakukalisha mpaka jua lizame. Anajua ni ya sura gani, mwaka gani, na nani aliishona katika hadithi. Kabati letu halijibu swali lolote. Linasema tu kwamba humu ndani fedha ya mgodi wa dhahabu iliwahi kupita.

Msomaji mwingine, huyu namheshimu zaidi, atakuja juu. Atasema: mwandishi, mkanda huu wote wa dhahabu una watoto wanaobeba viroba vya mawe, na wewe unatuletea midoli? Ni kweli. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya: wanaingia mashimoni, wanaponda mawe, wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Sina nia ya kulifunika hilo kwa gauni la bluu. Lakini mtu anayesema mtoto wa machimboni anahitaji daftari na viatu tu, michezo baadaye, ameshakubaliana na mwenye shimo kwamba mtoto huyo ni mtu mzima mfupi. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja kucheza waziwazi katika kifungu cha 31. Haukusema mtoto acheze akishamaliza kazi.

Kuna wa tatu, wa sauti kubwa kuliko wote: "Huu ni uzungu." Huyu ndiye anayenichosha. Dada zetu walicheza na nini mashambani? Walichukua gunzi lenye nywele zake, wakalisuka, wakalivika kitambaa, wakalibeba mgongoni na kulipa jina. Pwani, Wazaramo na Wakwere walikuwa na mwana hiti, kitoto cha mti ambacho mwali alipewa akiwa ndani, akakiogesha na kukipaka mafuta. Hata kumfunga mwanasesere na maneno yake si jambo lililobuniwa Wisconsin. Hans Cory, yuleyule wa serikali ya kikoloni aliyeandika sheria na mila za Wasukuma, mwaka 1956 alitoa kitabu kizima kuhusu vinyago vya udongo vya jando na unyago katika Tanganyika. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na somo lake. Kinyago bila wimbo kilikuwa udongo. Sisi Wasukuma hatukuwa na unyago wa namna hiyo, nakubali, lakini usiniambie fikra hii imeshuka na ndege.

Kwa hiyo nauliza, nikijifanya sijui jibu: mbona hatuna binti wetu?

Historia tunayo ya kumwaga. Kuna binti wa Mwadui, ambaye baba yake anafanya kazi katika mgodi wa almasi wa Williamson, mwaka 1947, mwaka ilipopatikana ile almasi ya waridi iliyokwenda kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth wa Uingereza. Kuna binti wa Shinyanga ambaye wazazi wake walitolewa kwenda kukata miti ili mbung'o wafe, na mjukuu wake aliyeona ngitili, yale malisho ya akiba, zikirudishwa baada ya 1986 kwa sababu nchi ilikuwa imebaki kipara. Na kuna binti wa Bulyanhulu, Agosti 1996, familia inafunga virago kwa sababu wachimbaji wadogo wameamriwa kuondoka.

Mwalimu mmoja rafiki yangu alishtuka nilipomtajia huyo wa mwisho. Mambo mazito, alisema, utawatisha watoto. Nikamtajia Addy. Wamarekani walimtoa mwaka 1993, binti mtumwa anayetoroka na mama yake mwaka 1864. Mwandishi wake, Connie Porter, hakumpakia msomaji asali: msimamizi wa shamba anamlazimisha Addy kula funza aliowasahau kwenye majani ya tumbaku. Wapo waliolalamika kwamba binti mweusi wa kwanza wa kampuni ile kwa nini awe mtumwa, na lalamiko lao lina uzito. Ila watoto walisoma, na hakuna aliyevunjika. Mtoto wa Bulyanhulu ameshaona mengi kuliko hayo; asichokuwa nacho ni kitabu kinachokiri kwamba ameyaona.

Mwalimu akashauri basi tuanze na Mwadui, kwa kuwa almasi inavutia. Nakataa. Almasi ina wasimulizi wengi na bado mtoto wa Kisukuma hayumo katika hadithi zao. Mimi naanza na pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe pale penye mizani, na katika vuguvugu lile vikakua vyama vya ushirika alivyoviongoza Paul Bomani, hadi ukaundwa muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, mwaka 1955. Weka hapo binti wa miaka tisa anayejua kuhesabu kuliko baba yake. Amesimama kando ya gunia, anatazama mshale wa mizani. Una hadithi nzima, na una hila, na una mtoto aliyeshinda watu wazima kwa hesabu.

Kitabu kwanza, mdoli baadaye. Hapa sirudi nyuma hata kidogo, maana mdoli bila kitabu tumeshamwona kwenye belo. Na mdoli mwenyewe asiagizwe. Mafundi cherehani wamejaa kwenye vibaraza vya Kahama na Geita, na mabaki ya vitambaa wanayafagia kila jioni. Nimeshaongea na fundi mmoja, mama wa makamo, akacheka kwanza, kisha akauliza maswali ya maana: binti ana urefu gani, kaniki au khanga, shanga za rangi gani, nywele zimenyolewa au zimesukwa. Sitaki kumjibu kwa kubuni. Kama bibi yako aliwahi kupeleka pamba mnadani miaka ile akiwa mtoto, mwulize alivaa nini siku ya mizani, na umwulize pia alicheza na nini. Fundi anasubiri vipimo.