Mgeni Mbele ya Ibada

Kila mwaka, inapowadia Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, Wasukuma huadhimisha Bulabo, yaani maua, ambapo maandamano ya Kanisa, yaliyounganishwa na ngoma za jadi kwa jitihada za Padre David Clement, hufuatwa na mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu mbele ya umati wa wenyeji na wageni. Hapo huzuka suali: ibada itazamwayo na mgeni mwenye kamera yabaki ibada, au yageuka tamasha?

Naamini jawabu halimo machoni pa mtazamaji, bali katika nia ya mchezaji. Kwani amshukuruye Muumba kwa ikhlasi hapungukiwi thawabu kwa kuwapo shahidi, kama vile maulidi ya pwani yasivyoharibika kwa kusikilizwa na mpita njia.

Walakini mgeni naye ana faradhi yake. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hawezi kumponya mwenyeji yule aliyekuja kuchukua picha pasipo kuacha heshima. Basi na aingie kwa adabu, aombe idhini, anyamaze penye sala. Ndipo atakapoondoka si mtazamaji tena, bali jirani.