Ukweli Uliochaguliwa

Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha kila siku Kongo; mjini Bunia, mkoani Ituri, unaionyesha kwa askari kwenye kizuizi, benki, hata unaponunua laini ya simu. Inabeba asili ya mtu mpaka sekta au chefferie (eneo la kichifu) yake. Mgeni hataona uzito wowote hapo. Mtu wa Ituri akisoma Walendu-Pitsi au Bahema-Nord amekwisha kujua kabila la mwenye kadi, na anayeikumbuka miaka ya 2002 na 2003, ya vita vya Wahema na Walendu, anajua watu waliuawa kwa habari fupi kuliko hiyo. Habari ile ilikuwa kweli tupu. Kwa hiyo siridhiki nikiambiwa, siri ya mwanasiasa inapovuja wakati wa uchaguzi, kwamba la muhimu ni moja tu: je, ni kweli?

Machi 2018 jarida la Jeune Afrique liliandika kwamba Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga aliyetaka urais, alikuwa na uraia wa Italia tangu 2000 hadi Januari 2017. Kifungu cha 10 cha Katiba kinasema uraia wa Kongo haushikwi pamoja na mwingine. Mwezi uleule mwendesha mashtaka akafungua uchunguzi. Agosti Katumbi akazuiwa kuingia nchini kwenye mpaka wa Kasumbalesa, na uchaguzi wa Desemba ukapita bila yeye.

Mpiga kura alistahili kujua? Nadhani ndiyo. Uraia wa anayeomba kuiongoza nchi si jambo la chumbani. Lakini mwaka 2007 Bunge lilipokabiliwa na wabunge wenye uraia wa nchi mbili, liliwapa muda wa kujirekebisha, na mambo yakatulia. Sheria ikalala kwa wengi, ikaamka kwa mmoja. Tena mwaka 2023 mgombea mwenzake Noël Tshiani aliupeleka uraia huohuo wa Katumbi mbele ya Mahakama ya Katiba. Ombi likakataliwa, Katumbi akagombea. Habari haikubadilika. Kilichobadilika ni nani aliihitaji, na lini.

Hapo ndipo upendeleo hukaa: katika kimya kinachoizunguka habari. Mwandishi anaweza kuhakiki kila sentensi na bado kazi yake ikaegemea upande mmoja, kwa sababu hakuna sentensi inayomtaja aliyeachwa. Kifungu cha 24 kinataka vyombo vya serikali vifikiwe na mikondo yote kwa usawa. Dakika za RTNC, redio na televisheni ya taifa, unaweza kuzipima kwa saa. Majalada ambayo hayakufunguliwa utayapima kwa nini?

Sasa tazama upande wa pili. Julai 2023 Chérubin Okende, msemaji wa chama cha Katumbi, alikutwa amekufa Kinshasa. Jeune Afrique ikachapisha habari iliyotegemea waraka uliosemekana kuwa wa idara ya ujasusi, ANR. Serikali ikasema waraka ni wa kughushi. Mwanahabari wa jarida hilo Stanis Bujakera, ambaye jina lake halikuwa kwenye makala hiyo, akakamatwa Septemba kwa sababu ya waraka huo. Kampeni na uchaguzi vikamkuta gerezani, akatoka Machi 2024. Wiki chache kabla, mwendesha mashtaka mkuu alitangaza kwamba Okende alijiua, akitaja maandishi ya daftari la marehemu mwenyewe. Waraka wa ofisi unalindwa kwa jela. Daftari la mtu linatangazwa kwa taifa. Na kifungu cha 31 kinalinda maisha binafsi ya raia, si ya ofisi!

Mpaka hauchoreki kirahisi, nakiri. Anayegombea amekwisha kuacha nusu ya faragha yake mlangoni. Uraia wake, sawa. Mali yake, sawa. Ugonjwa wake, labda. Kabila la mama yake, hapana, hata kama limeandikwa mahali na karani aliyekula kiapo.

Mhariri wa redio ya Bunia akiletewa bahasha wiki ya mwisho ya kampeni, simwambii aitupe. Atangaze, ila atangaze na bahasha: imetoka upande gani, nani anafaidika, kwa nini leo, na majalada ya wagombea wengine yako wapi. Jina la aliyeileta lifichwe. Masilahi yake hayana haki ya kufichwa. Najua ninachomwomba. Tangu Mei 2021 Ituri inaongozwa na gavana wa kijeshi, na swali la «kwa nini leo?» huenda akalazimika kumwuliza mtu mwenye sare.