Kigae cha Bibi na Mrija wa Fedha

Bibi mmoja alitujia karakanani kwetu Lamu na kigae amekifunga ndani ya leso. Kilikuwa kipande cha sahani ya Kichina, ua la buluu juu ya weupe, kiasi cha nusu ya kiganja. Sahani yenyewe ilikaa miaka mingi kwenye kidaka cha nyumba ya mamake, hadi siku iliyoanguka. Kati ya vipande vyote, hicho ndicho kilichobaki na ua zima. Alitaka kifanywe kidani cha mjukuu wake, avae siku ya harusi.

Sisi masonara tumezoea kukizungushia kigae ukingo wa fedha. Bibi hakutaka ukingo, kwa kuwa ungelila ua pembeni. Lehemu nayo haikufaa, maana fedha hulehemiwa kwa moto unaozidi nyuzi 600, na kigae cha kale hupasuka kikipashwa ghafla. Ikabaki ribiti, inayofungwa bila moto. Nikachagua ribiti ya mrija. Waya huhitaji kugongwa sana mpaka ufanye kichwa, lakini mrija una ukuta mwembamba, mdomo wake hufunguka kwa mguso mdogo. Tena tundu lake hubaki wazi, na pete ya kuning'inizia mkufu hupita humo.

Nilikitoboa kigae mwenyewe, kwa keekee yenye ncha ya almasi, polepole, chini ya maji. Nikakata bamba la fedha la kukaa nyuma na washa mbili nyembamba. Kisha nikaitwa Mokowe, nikapanda mashua, nikamwachia kazi mwanafunzi wangu aliyekuwa mwaka wa tatu.

Kigae, bamba na washa pamoja vilifika milimita 6. Mrija ulitakiwa kuwa 7, yaani nusu milimita ichomoze kila upande. Yeye alikata 9, akiamini kwamba urefu ni usalama. Ncha hakuzipitisha kwenye tupa, kwa hiyo zilikaa mshazari. Na hakuulainisha mrija kwa moto. Hili ndilo lililonisikitisha kuliko yote, kwa sababu mrija hutengenezwa kwa kuvutwa, na fedha iliyovutwa huwa ngumu na kavu. Ukiulazimisha ufunguke hali hiyo, hauchanui, unachanika.

Ulichanika kweli. Mdomo ukagawanyika vipande vinne vyenye ncha kali. Hapo alikuwa bado hajapoteza kitu: mrija mbovu hutobolewa ukatoka, ukakatwa mwingine. Badala yake alichukua nyundo kubwa zaidi ili avilaze vile vipande. Washa zilikuwa mezani, hakuzitia. Mrija uliogongwa hauishii kufunguka mdomoni tu, hunenepa na kule ndani ya tundu, ukakisukuma kigae kutoka kati kwenda nje. Kigae huvumilia kukandamizwa, lakini hakivumilii kusukumwa hivyo. Ufa ulianzia tundu ukapita katikati ya ua.

Niliporudi nilimkuta ameketi, hajagusa kitu. Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye atakayemkabidhi bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kidani tayari?"

Akaiweka leso mikononi mwake. Bibi akafungua, akatazama kwa muda, akasema, "Ua limegawanyika," akafunga tena. Malipo ya fidia hakuyataka.

Kosa la kwanza naliweka kwangu. Kwa miaka miwili nilimfundisha ribiti za waya kwenye vibamba vya shaba, ambako ukikosea unatupa kibamba na kuchukua kingine. Sikuwahi kumpa kitu kinachovunjika. Siku hizi kila mwanafunzi wangu huanza na vipande vya sahani za kawaida zilizovunjika majumbani, kwa mrija wa shaba nyekundu. Anakata kwa kipimo, ananyoosha ncha kwa tupa, anapasha mrija mahali penye kiza mpaka wekundu hafifu uonekane, kisha anauzamisha majini. Tundu la bamba liubane mrija, tundu la kigae liwe pana kidogo tu ili mrija ukinenepa usikutane nacho. Washa pande zote mbili. Halafu tindo yenye kichwa cha mviringo kama punje ya pilipili manga: mguso mmoja au miwili, geuza, mguso mmoja au miwili, geuza. Akiona mchaniko wowote mdomoni, nyundo inawekwa chini na mrija unatolewa. Simruhusu kushika kitu cha mteja kabla hajafunga kumi mfululizo bila ufa.

Yule kijana sasa hufunga ribiti hizi vizuri kuliko mimi. Bibi hakutuletea kazi nyingine, na mjukuu wake aliolewa bila kidani.