Shahada ya Kupitia

Binti alimaliza Kidato cha Sita mkoani Kilimanjaro kwa mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, akapata Daraja la Kwanza. Kufikia Agosti alikuwa na nafasi mbili mkononi. Moja ilikuwa ya Shahada ya Udaktari wa Binadamu katika chuo kikuu cha umma hapahapa nchini: miaka mitano darasani na wodini, mwaka mmoja wa utarajali, kisha leseni. Nyingine ilitoka chuo kidogo cha Ohio, Marekani. Huko alipewa ufadhili wa nusu ya ada, kozi ya Baiolojia, na kipeperushi chenye picha ya vijana waliovaa makoti meupe, chini yake neno pri-medi.

Familia ilikaa kikao nyumbani Moshi. Mjomba wa binti, mkazi wa siku nyingi wa Columbus, Ohio, aliwekwa kwenye spika ya simu.

“Dada, huku kila daktari unayemwona alisoma baiolojia kwanza,” alisema. “Mlete mtoto. Hapo nyumbani akimaliza atapangiwa wilayani, mshahara wenyewe unaujua.”

Baba, mwalimu mstaafu, aliuliza swali moja tu. “Shemeji, baada ya hiyo miaka minne, anapokewa na nani?”

“Akiwa na alama nzuri hakuna wa kumkataa.”

Jibu lilipita bila kupingwa. Nafasi ya udaktari ya nyumbani ikaachwa, akapewa mwingine.

Mjomba hakudanganya. Alisema alichokiona. Watoto wawili wa majirani zake walisoma baiolojia wakaingia udaktari, na kwenye sherehe zao alikula pilau. Waliosoma baiolojia hiyohiyo wakaishia kuuza simu madukani hawakuitisha sherehe, kwa hiyo mjomba hakupata kuwajua. Na wale wawili walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Hilo hakulitaja kwa sababu halikumpitia akilini, na kikaoni hakuna aliyejua kwamba ni la kuulizwa.

Utaratibu wa Marekani wa kumtaka mtu awe na shahada kwanza una historia yake. Chuo cha tiba cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mwaka 1893 kiliweka sharti hilo, wakati vyuo vingi vya huko vilikuwa vikipokea karibu kila mwenye ada. Mwaka 1910 Abraham Flexner, baada ya kuzungukia vyuo 155 vya Marekani na Kanada, alichapisha ripoti iliyovianika vile dhaifu na kuisifu Johns Hopkins kama mfano wa kuigwa. Vingi vikafungwa. Vilivyobaki vikajenga desturi ya kudai masomo ya sayansi ya chuo kikuu kabla ya udaktari. Sisi tulirithi njia ya Waingereza: mwanafunzi anatoka sekondari na kuingia moja kwa moja katika tiba. Ndiyo sababu mzazi wa Moshi anaposikia pri-medi hudhani ni nusu ya kwanza ya udaktari. Kumbe si kozi wala si shahada. Ni orodha ya masomo: mwaka wa baiolojia na maabara yake, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ogania, mwaka wa fizikia, biokemia, na mara nyingi takwimu na Kiingereza. Ukishayapitia hayo, shahada yenyewe inaweza kuwa ya muziki. AAMC, jumuiya ya vyuo vya tiba vya huko, hutoa takwimu kila mwaka. Zinaonyesha kwamba waombaji wengi wametoka sayansi za viumbe, lakini waliosoma masomo kama falsafa au historia hukubaliwa kwa kiwango kisichopungua chao.

Binti aliyajua haya mwaka wa pili, baada ya kemia ogania kumpa C+. Alikuwa akifanya kazi katika bwalo la chuo kwa saa 20 kwa wiki, kiwango cha juu anachoruhusiwa mwanafunzi wa kigeni wakati wa muhula, ili kuziba ile nusu ya ada isiyofadhiliwa. Alilirudia somo akapata A, akafurahi. Mshauri wa chuo akamweleza kwamba katika maombi ya udaktari alama zote mbili huhesabiwa, ya kwanza na ya marudio. Kwa Mtanzania aliyezoea kwamba mtihani wa marudio unafuta aibu ya ule wa kwanza, hilo ni pigo. Wanaoingia vyuo vya tiba huko wastani wao huzidi 3.7 kati ya 4. Katika MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo hivyo, unaotolewa alama kutoka 472 hadi 528, wastani wao huzidi 510. Mwaka 2023 walioomba walizidi 52,000. Walioingia hawakufika 23,000.

Hata hivyo si alama zilizomkwamisha. Mwaka wa tatu aliketi maktabani kuandika orodha ya vyuo vya kuomba, na kando yake aliketi kijana Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuhamishiwa Marekani na wazazi wake kama wakimbizi. Huyo alikuwa akisoma historia, kwa kuwa anaipenda, huku akiyachukua masomo ya sayansi pembeni. Usiku alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika makao yao. Aliitazama orodha ya binti akauliza, “Dada, wewe una karatasi gani?”

“Nina viza ya mwanafunzi.”

“Basi anza kufuta.”

Wakafuta pamoja, wakifungua kurasa za vyuo kimoja baada ya kingine. Vyuo vya tiba vilivyo vingi huko havipokei mwombaji asiye raia wala mkazi wa kudumu. Vya umma, vinavyolishwa na kodi za majimbo, hupendelea watoto wa jimbo. Vichache vinavyofungua mlango kwa mgeni ni vyenye ushindani mkali kuliko vingine, na baadhi humtaka aonyeshe, au hata aweke kabisa katika akaunti maalumu, fedha za miaka yote minne kabla hajaanza. Katika vyuo vingi vya binafsi ada peke yake huzidi dola 60,000 kwa mwaka. Mikopo ya serikali ya Marekani haimhusu mwenye viza ya mwanafunzi. Orodha ilikuwa imejaa ukurasa. Ilipofutwa yakabaki majina yanayohesabika kwa vidole.

Kijana Mkongo alikuwa na makaratasi ya ukaazi wa kudumu. Baada ya kuhitimu alikubaliwa katika chuo cha jimbo. Sifa ni zake, sitaki kumpunguzia. Alilala kidogo na kusoma sana. Lakini barabara aliyopita ilikuwa imejengwa kwa ajili ya mtu wa aina yake, na kwa binti ilifungwa siku aliyogongewa viza, kabla hajafungua hata kitabu kimoja cha ogania. Kikao cha Moshi kilijadili ada, baridi, kanisa la karibu na nauli. Swali la karatasi lingejibiwa kwa barua pepe moja kwa chuo chochote cha tiba cha Ohio.

Binti hakuwaambia wazazi. Aliomba katika vyuo vile vichache vilivyobaki na vyote vikamkataa. Mjomba, ambaye sasa alikuwa amekasirika kwa niaba yake, alipendekeza visiwa vya Karibi, ambako kuna vyuo vya tiba vinavyopokea watu wa kila namna kwa ada ya kutisha. Habari zilipofika nyumbani, baba akauliza kwa simu, kwa upole wake wa kialimu, kama angependa kurudi aanze mwaka wa kwanza nyumbani kwa cheti kilekile cha Kidato cha Sita. Alilia, akasema atafikiri. Aliyekaa naye dawati moja sekondari alikuwa ameshavuka nusu ya masomo yake ya udaktari.

Kukataliwa ni sehemu ya kisa tu. Sehemu inayonisumbua zaidi ni jinsi alivyoitumia miaka ile minne. Tangu siku ya kwanza aliichukulia baiolojia kuwa uchochoro wa kupitia. Likizo alijitolea hospitali kusukuma viti vya wagonjwa, maana fomu za udaktari hupenda saa za hospitali. Mwalimu mmoja wa mikrobiolojia alitangaza nafasi za wanafunzi katika maabara yake ya bakteria sugu kwa dawa. Hakuomba, kwa kuwa aliambiwa saa za hospitali zina uzito zaidi. Somo la ikolojia alilichagua kwa sababu lilisifika kutoa A. Hakuna hata moja la kulaumiwa likitazamwa peke yake, na ninajua wazazi wengi ambao wangemsifu kwa kuwa na lengo.

Shahada hiyohiyo aliyoidharau ilikuwa na mlango wake. Huko Marekani shahada ya uzamivu katika sayansi za viumbe kwa kawaida hailipiwi na mwanafunzi. Chuo humsamehe ada na kumpa posho ya kujikimu, na katika programu nyingi mgeni mwenye viza hupokewa sawa na raia. Sheria pia humruhusu mhitimu wa kigeni kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12, na kama amesoma sayansi huongezewa miezi 24. Miaka mitatu si haba kwa mtu anayejua anachokitafuta.

Aliipata kazi, katika maabara ya kupima sampuli za damu, zamu ya usiku. Ni huko, akiotesha vimelea kwenye visahani na kuvitazama vikikataa kufa kwa dawa, alikogundua kwamba jambo lile linamvutia. Wakati huo yule wa dawati moja alikuwa ameshapata leseni, yuko hospitali ya wilaya mkoani Manyara, analalamikia mshahara kama mjomba alivyotabiri.

Mwaka huu binti anaomba uzamivu. Fomu inataka barua tatu za walimu waliomfahamu kitaaluma. Aliwaandikia watatu. Mmoja hakujibu. Wa pili alijibu kwa adabu kwamba hamkumbuki vizuri. Yule wa mikrobiolojia alimkumbuka: ndiye aliyekuwa akija ofisini baada ya kila mtihani kuulizia alama, na kwa mihula miwili hakuwahi kuuliza swali lolote kuhusu bakteria. Amekubali kuandika, ila amemtaka kwanza aje maabara wazungumze.