Mia ya Nini?

Ukuzaji wa asilimia 100 kwenye kioo cha tableti si ahadi ya ukubwa halisi. Programu ya kuchora huhesabu vitone tu. Isipojua kwamba kioo cha iPad nyingi hubana vitone 264 katika inchi moja, yaani milimita 25.4, sentimita iliyochorwa itaumbuliwa na rula. Je, mchoro huo ni wa uongo? Wapo watakaosema ndiyo: picha ni kweli pale tu inapolingana na kitu chenyewe. Lakini tazama ramani ya miinuko ya chai ya Mponde, Usambara. Ramani hupima umbali wa mlalo, hivyo mteremko wa nyuzi 45 wenye urefu wa mita 100 huonekana kama mita 71 hivi. Hata ikichapwa kwa ukubwa wa ardhi, mchuma chai atapanda zaidi ya alichoonyeshwa. Hata hivyo ramani haijadanganya, maana imetaja inachopima. Tableti huandika 100 bila kusema mia ya nini.