Haki ya Ndoa na Subira

Wachumba waapapo kutoachana katika ugonjwa, hufikiri juu ya homa na uzee. Ni wachache wafikirio ugonjwa uingiao hata katika kitanda cha ndoa. Fistula ya uzazi ni ugonjwa wa namna hiyo.

Asili yake yajulikana. Mama hushikwa na uchungu siku mbili tatu, mbali na hospitali. Kichwa cha mtoto hukwama, kikaibana nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na kibofu. Damu haipiti, nyama hufa na kuacha tundu. Mara nyingi mtoto huzaliwa mfu, na mama hubaki akivujwa na mkojo usiku na mchana. Wako waliofukuzwa na waume zao kwa sababu hiyo, kana kwamba walitenda dhambi.

Tumshukuru Mungu, ugonjwa huu hutibika. Catherine Hamlin na mumewe Reginald, madaktari wote wawili, walifika Addis Ababa mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua huko hospitali ya wanawake wenye fistula. Hapa Tanzania, wengi wamepasuliwa na kupona katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na ya CCBRT, Dar es Salaam.

Lakini kidonda kilichoshonwa chataka muda. Kwa hiyo madaktari huwaagiza mume na mke wasikutane kimwili kwa miezi mitatu au zaidi, mshono usije ukafumuka. Hapo mume huweza kuuliza: “Nilitoa mahari, nimengoja, naye amepona, haki yangu ya ndoa i wapi?”

Twamjibu hivi. Haki ya ndoa si deni la dukani, ambalo mwenye kudai hulitoza hata mdaiwa akiwa mgonjwa. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorinto juu ya jambo hili, aliwapa mume na mke haki sawasawa, akawaruhusu pia wajizuie kwa kitambo, wakipatana. Katika ndoa mtu hujitoa mzima, wala hatoi mwili tu. Basi, auchukuaye mwili kwa kuudhuru amemkataa mwenyewe aliyejitoa.

Wala kungoja si kukaa bila mapendo. Mume amtekeaye mkewe maji, amsindikizaye kliniki, na kuketi naye mbele ya majirani waliozoea kumkwepa, huyo anaishi ndoa yake kweli kweli. Mwanamke aliyeona haya kwa miaka mingi hawezi kuamini kwa siku moja kwamba mwili wake haumchukizi mtu. Hata miezi ile ikiisha, huenda akaogopa maumivu, au mimba nyingine. Asilazimishwe, aulizwe kwa upole, na jibu lake liheshimiwe. Akipata mimba tena, apelekwe hospitali mapema, kwani kwa kawaida hushauriwa azalishwe kwa upasuaji.

Enyi akina baba, subira yavuta heri, walisema wazee wetu. Katika nyumba ya namna hii, subira yenyewe ndiyo heri ya kwanza ambayo mke ataipokea kwa mumewe.