Uliza Mkanda Kwanza

Wanangu mnaofungua garaji hapa Rwambuzi, Bunia, kabla umande haujakauka, wekeni spana chini kidogo. Leo sitawafundisha kufungua kitu. Nataka kuwafundisha kunyamaza mbele ya gari bovu.

Kila juma huja dereva na wimbo ule ule: "Muzee, betri imekufa." Hajapima, hajainua boneti. Amesikia tu stata ikikohoa na kukata pumzi, vijana wakalisukuma gari mpaka likawaka. Nanyi mnamwitikia upesi: ndiyo, imekufa, kuna nyingine dukani. Hapo mmemzika mtu bila kumgusa mshipa.

Nayasema haya kwa sababu nami nimewahi kuzika hivyo. Zamani alinijia dereva wa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, aliyekuwa akipandisha samaki kutoka Kasenyi, ziwani. Nikamuuzia betri. Baada ya siku tatu akarudi, nikaapa kwamba betri ile ilikuwa ya bandia, nikamuuzia nyingine. Aliporudi mara ya tatu ilikuwa jioni. Akawasha taa ili nione kazi, na hapo ndipo nikasikia mlio mwembamba wa mkanda unaozungusha alteneta, kama panya aliyebanwa mlangoni. Nikazima injini, nikaweka kidole gumba juu ya mkanda, ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Ubavu wake ulikuwa umeng'aa kama kiatu cha Jumapili.

Nilipokuwa naukaza, akaniambia neno ambalo silisahau: "Muzee, juzi nikiteremka kutoka Bogoro, pedali ya breki ilikuwa ngumu kama jiwe." Jasho likanitoka. Katika magari yale, nyuma ya alteneta kuna pampu ndogo ya kufyonza hewa, na hiyo ndiyo inayosaidia mguu wa dereva kwenye breki. Mkanda ukiteleza, pampu nayo inalegea. Kutoka hapa Bunia mpaka ufuo wa Ziwa Albert barabara inashuka zaidi ya mita 600. Nilikuwa nimemuuzia betri mbili, na kidogo tu nimuuzie jeneza.

Shikeni jambo hili, mengine yote yatafuata. Betri haizai umeme, inautunza. Ni ghala. Ukichota kila siku bila kuvuna, ghala litabaki tupu hata ukilijenga upya. Mkulima ni alteneta, na jembe lake ni mkanda. Mkanda huo huo, katika magari mengi ya zamani, unazungusha pia pampu ya maji na feni. Kwa hiyo dereva akilalamika kwamba betri haishiki chaji na papo hapo injini inachemka mlimani, usihesabu magonjwa mawili.

Basi anza na sikio. Gari likiwaka asubuhi baada ya stata kutumia umeme mwingi, alteneta inadai nguvu nyingi ili kurudisha deni. Mkanda uliolegea hulia wakati huo, kisha hunyamaza dereva akadhani umepona. Haujapona. Washa taa kubwa na feni ya ndani, kanyaga mafuta kidogo, utausikia tena.

Kisha jicho. Mkanda wa zamani wenye umbo la V haushiki puli kwa tumbo, unashika kwa mbavu zake mbili. Mbavu zikiwa na nyufa, zikitoa nyuzi, zikilowa oili au ziking'aa kama kioo, mkanda huo umemaliza siku zake. Chungulia pia ndani ya mfereji wa puli. Ukiona sehemu ya chini imesuguliwa ikang'aa, jua mkanda umeliwa mpaka tumbo linagusa chini, na hata ukaze vipi utateleza tu. Na pale ambapo mikanda ni miwili sambamba, kama katika ile Land Cruiser, badilisha yote miwili pamoja. Ukichanganya mzee na kijana, kijana atabeba mzigo peke yake mpaka akatike.

Halafu kidole. Zima injini na utie ufunguo mfukoni mwako, usiuache kwenye gari. Nimeona fundi aliyebaki na vidole vinane. Tafuta katikati ya sehemu ndefu kuliko zote kati ya puli mbili, bonyeza kwa nguvu ya kama kilo 10. Kwa magari mengi ya zamani mkanda ubonyee kiasi cha sentimita moja, na mpya upungue kidogo hapo. Kitabu cha gari kikiwepo, fuata kipimo chake.

Kukaza nako kuna adabu yake. Legeza kwanza bolti kubwa ambayo alteneta inaning'inia kwayo, kisha ile ya kwenye mkono wa kurekebishia. Kama kuna skrubu ya kuvutia, izungushe polepole. Kama hakuna na unatumia nondo, iegemeze mahali pagumu upande wa mbele, karibu na puli. Usibane tumbo la alteneta, maana ni alumini, itapasuka. Kaza bolti, pima tena kwa kidole. Mkanda mpya hunyooka, kwa hiyo mwambie mwenye gari arudi baada ya siku chache uupime tena, na kwa kazi hiyo usimdai kitu.

Najua mnapenda kukaza mpaka mkanda ulie kama uzi wa gitaa mkiugonga. Acheni. Mkanda uliolegea hulia wenyewe. Uliokazwa mno huwaliza wenzake. Beringi za alteneta na za pampu ya maji ndizo zitakazolipa, na zitalipa njiani, karibu na Komanda, usiku, mvua ikinyesha.

Mkanda ukiwa mzima, sasa chukua mita ya volti. Gari lililolala usiku kucha bila kuwashwa, betri yake ya volti 12 ikiwa imejaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Washa injini: inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, na isianguke sana ukiwasha taa. Ikibaki 12 na kitu, hakuna mavuno. Ikipita 15, rekuleta imeharibika, maji ya betri yatachemka na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Kwa malori ya volti 24, zidisha hesabu hizo mara mbili.

Hata hapo usiifungue alteneta. Fuata nyaya. Injini ikizunguka na taa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye bolti kubwa ya alteneta na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Ukisoma karibu nusu volti, umeme unapotea njiani. Pima vivyo hivyo kati ya mwili wa alteneta na kichwa hasi. Hapo hata 0.2 ni nyingi. Vumbi la barabara ya Mahagi na tope la masika hula vichwa vya betri vikaota ukungu mweupe na wa kijani. Toa hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto na magadi, kausha, kaza, na hasi irudi mwisho. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Tazama pia taa ndogo nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, lazima iwake. Wengine hufurahi isipowaka. Katika alteneta nyingi za zamani, umeme unaopita kwenye taa ile ndio unaoiamsha alteneta. Balbu ya bei ya andazi ikiungua, mtu anauziwa alteneta nzima. Na alteneta yenyewe ikiwa mbovu kweli, angalia kwanza kaboni zake. Zikichakaa hubadilishwa bila kutupa chombo chote.

Kama chaji ni nzuri mchana na asubuhi betri ni tupu, basi kikulacho ki nguoni mwako: redio iliyounganishwa ovyo, taa ya ndani isiyozimika. Na muulize mwenye gari, kwa heshima, kama betri hulala garini au hulala nyumbani ikiwasha taa na kuchaji simu za jirani. Betri ya gari imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ukiikausha kila usiku inakufa mapema, na kosa si la fundi wala la gari.

Mambo mawili nawakataza. La kwanza, kutoa kichwa cha betri injini ikiwa inazunguka ili kuona kama alteneta inachaji. Ujanja huo tuliurithi enzi za dinamo, wakati alteneta hazijaenea. Alteneta ina dayodi ndani, na umeme ukiruka ghafla huzichoma. Utakuwa umemuua mgonjwa kwa kipimo. La pili, kupaka mkanda sabuni, lami au oili ili unyamaze. Utanyamaza mpaka dereva afike barabarani, fedha yake ikiwa mfukoni mwako.

Wanangu, magari ya hapa ni mazee kama mimi. Wenyewe hawana fedha ya kubahatisha; betri moja ni karo ya mtoto. Anayekuja kwako hajui volti wala puli, anakutazama mdomo tu. Ndiyo maana nawaambia mnyamaze mpaka sikio, jicho, kidole na mita vimeshasema. Hasara ya kunyamaza ni robo saa.

Yule dereva wa samaki nilimrudishia fedha ya betri moja. Ya pili sikuwa nayo. Alinishukuru kwa upole, akaondoka, wala hakurudi tena kwangu. Mpaka leo nikisikia mkanda unalia barabarani, huinua kichwa nione kama ni yeye.